Kimya Changu Hakikuwa Ridhaa

Wewe uliyeambiwa juzi kwamba zoloto lako, kile kisanduku cha sauti kooni, litaondolewa, sikuandikii ili kukufariji. Wafariji watakuja wenyewe, wengi kuliko viti ulivyo navyo, na kila mmoja atakuwa na habari za jirani yake aliyeugua ugonjwa huohuo akafa. Nakuandikia kukuonya juu ya watu wenye afya njema wanaokupenda. Daktari aliniondolea sauti ndani ya siku moja, nikiwa nimelazwa usingizi, kwa kisu kisafi na kwa idhini yangu. Hao wengine waliniondolea kauli polepole, mchana kweupe, huku wakininywesha uji.

Ninaitwa Zuhura. Nilikuwa mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari hapa kisiwani, Kilindoni, mjane, mama wa binti mmoja. Sauti yangu ilifika hadi nyuma ya uwanja wa mpira, na wanafunzi waliozoea kutoroka vipindi walilijua hilo vizuri. Mwanzoni mwa kusi ikaanza kukwaruza. Walimu wenzangu walisema ni vumbi la chaki. Shangazi Mwajuma, dada wa marehemu baba yangu, alisema ni kijicho cha watu, akanichemshia tangawizi na karafuu. Kaka yangu mkubwa, Mbaraka, alisema, "Punguza kufoka, Zuhura. Mwanamke akifoka sana, Mungu humpunguzia." Kisha akacheka. Nimesahau majina ya dawa nyingi nilizopewa, ila kicheko kile sijakisahau.

Ilipofika vuli nilikuwa nanong'ona. Katika kipindi changu cha mwisho darasa zima lilikaa tuli ili linisikie. Vijana wale ambao zamani niliwatuliza kwa rula walitulia kwa huruma, na huruma ya darasa zima ni mzigo usiobebeka. Nilifunga kitabu kabla ya kengele. Wiki iliyofuata binti yangu Salma alinisindikiza kuvuka bahari hadi Nyamisati, bara, na kutoka huko tukapanda gari kwenda Dar es Salaam.

Nje ya chumba cha madaktari wa koo, katika hospitali niliyopelekwa, palikuwa na benchi refu la mbao. Hapo ndipo nilipoonja dhihaka ya kwanza ya ugonjwa huu. Wengi wetu tuliokaa pale hatukuwa na sauti, na ndiyo sababu iliyotupeleka. Lakini nesi alitoka na mafaili, akaita majina, na asiyeitika faili lake lilirudishwa chini.

"Anayeitwa aitike!" alisema. "Siwezi kuwatafuta mmoja mmoja."

Niliitwa, nikainuka, nikapunga mkono. Tayari alikuwa ameinamisha kichwa kwenye jina lingine. Mzee mmoja kutoka Rufiji, aliyekaa kando yangu na kitambaa shingoni, alinitazama, akavua kandambili yake, akaanza kulipiga benchi kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Nesi akatoka mbio.

"Nani huyo anayegonga kama yuko ngomani?"

Sote tukanyoosha mikono. Tangu hapo, kila tulipokutana kliniki, tuliitika kwa kandambili. Ukienda huko na bado wanaita majina, usisubiri kuonekana. Vua kiatu.

Upasuaji ulifanyika kabla ya mwaka kuisha. Nilipozinduka nilitaka kuuliza saa. Midomo ilicheza, ulimi ukacheza, kisitoke kitu. Hewa ilikuwa ikiingia na kutoka chini ya kidevu, kwenye tundu ambalo sasa ndilo pua yangu na ndilo maisha yangu. Kikohozi hutokea hapo, na chafya pia. Siwezi kupuliza chai ikapoa. Wala siwezi kunusa: mchuzi unaweza kuungua hadi sufuria ikatoboka, nami nimekaa kando ya jiko nimetulia kama mgeni. Nikicheka, mabega hutikisika tu. Nikilia, machozi hushuka bila sauti, na kulia bila sauti kunachosha kuliko kulia kwenyewe, kwa sababu hakuna anayekuja.

Sisi tunaojitanda tuna rehema moja ndogo: tundu hufichika. Lakini usijitande kitambaa kizito, na usikibane kwa pini shingoni. Chagua pamba nyepesi, ukiachie. Na ujihadhari na maji kuliko ulivyowahi kujihadhari na chochote. Mtu mwenye tundu hili akitumbukia, hata pale maji yanapofika kiunoni, hawezi kubana pumzi. Maji hayaoni mlango mwingine, huenda moja kwa moja mapafuni. Wimbi likirukia ndani ya mashua linatosha kumpalia. Fikiri maana ya jambo hilo kwa mtu aliyezaliwa kisiwani. Niliambiwa nivuke kwa sababu ya matibabu tu, katika chombo kikubwa, nikiwa ndani, nimejifunika.

Salma alikuwa mlezi mwema na mkalimani mbaya. Nilikuwa na kibao cheupe cha watoto na kalamu yake. Daktari akiuliza kitu, nilianza kuandika, na kabla sijamaliza neno la pili Salma alikuwa amekwisha kujibu.

"Anasema amelala vizuri."

Sikuwa nimesema hivyo. Sikuwa nimelala kabisa.

"Anasema uji wa jana ulikuwa mzuri."

Daktari alimshukuru yeye, akaandika, akaenda zake. Nilimgusa Salma bega, nikampa kibao. Nilikuwa nimeandika neno moja: UNANIIBIA.

"Mama, nakurahisishia tu. Watu wana haraka."

Nikafuta, nikaandika: NI WEWE UNA HARAKA.

Alitoka nje. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, akanibadilishia kitambaa cha shingoni bila kunitazama. Naweka hapa jambo hili kwa sababu vitabu vya ugonjwa husifu sana upendo wa watoto. Upendo alikuwa nao. Sauti yangu pia alikuwa nayo, na hakuwa na nia ya kuirudisha.

Mionzi ilianza katika joto la kaskazi. Walinivalisha kinyago cha plastiki chenye matundu kama chujio la nazi, wakakikaza kwenye kitanda ili kichwa kisisogee. Ngozi ya shingo ikawa nyeusi kama sehemu ya chini ya sufuria, kisha ikabanduka. Mate yalikauka. Wali ulikuwa mchanga, mkate ulikuwa sponji, na kila kitu kilikuwa na ladha ya msumari. Mama mmoja tuliyepanga naye foleni alikuwa akiniletea vipande vya barafu katika chupa ya chai. Tulivinyonya pamoja tukitazama ukuta. Na palikuwa na fundi mmoja wa mionzi ambaye, kabla ya kunifunga kinyago, alivuta kiti, akakaa, akaniachia kibao, akangoja hadi nimalize sentensi yangu yote pamoja na nukta. Hakusema neno lolote la kutia moyo. Namwombea hadi leo.

Masika ilipoanza nilirudi Kilindoni, na wafariji wakaanza kumiminika. Walinipigia kelele kana kwamba nimekatwa masikio. Vijana waliniamkia "Shikamoo, mwalimu," kisha wakajiitikia wenyewe, "Marahaba, marahaba," wakapita. Walinizungumzia nikiwa nimekaa katikati yao. "Maskini, kawa bubu." "Afadhali hakuumwa akili." "Nani ajuaye?" Niliwapikia chai watu hao.

Mashine ya kusemea niliipata katika kliniki iliyofuata, baada ya mionzi. Binti mmoja mtaalamu wa matamshi alinipa. Ilitumiwa na mgonjwa mwingine kabla yangu, na sikuuliza yuko wapi. Ni kitu cha ukubwa wa tochi ndogo. Unakibonyeza, kinavuma mfululizo kama nyuki aliyefungiwa kopo. Ukikigandisha mahali panapofaa na kutamka kwa midomo, mvumo huo hupita kinywani ukawa maneno. Wengi hukiweka shingoni. Shingo yangu ilikuwa imekakamaa kwa mionzi, ngumu kama kifuu, haikupitisha kitu. Tulihangaika hadi tukapata pa kukiweka, shavuni, karibu na pembe ya mdomo.

Usitarajie sauti yako. Ni sauti moja isiyopanda wala kushuka, nzito kuliko ya mwanamke. Herufi zinazohitaji pumzi hupotea, kwa hiyo "hapana" hutoka kama kitu kilichokatwa kichwa. Nilifanya mazoezi uani, nikiwahutubia kuku, ndani ya mvua na baada ya mvua. Mdomo hufunguliwa wazi. Maneno husemwa taratibu. Kidole huachia kitufe kila mwisho wa neno, vinginevyo maneno yote hugandana. Nilipoweza kumwambia Salma, "Funga mlango, mbuzi anaingia," na Salma akaufunga bila kugeuka, kana kwamba amesikia mtu wa kawaida akisema jambo la kawaida, niliingia chumbani nikaegemea ukuta.

Watu hupenda kuuliza mafanikio yako makubwa ni yapi. Yangu yalitokea sokoni. Nilimgusa pweza kwenye meza ya kijana muuzaji, ngozi ikabaki kwenye kidole.

"Wa jana huyu," nikasema kwa mashine.

"Mama, usinitie mkosi asubuhi yote hii! Umemnusa?"

"Sinusi. Nimemgusa."

"Basi gusa na wa kwenu! Mimi pweza wangu katoka majini sasa hivi, muulize yeyote. Kama hutaki, wacha, usiniharibie wateja na hicho king'ora chako!"

Nilirudi nyumbani bila pweza nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nilipougua. Nilikuwa nimegombezwa. Kijana yule alikuwa amesikia maneno yangu, yakamuuma, akanijibu kwa ukali wa haki. Hakuna mfariji aliyewahi kuniheshimu kiasi hicho.

Sasa nifike kwa kaka yangu.

Alikuja alasiri moja, masika ikiishia. Mashine ilikuwa kwenye chaji ndani. Alikaa barazani, akakunja kanzu.

"Zuhura, kuna kheri imekuja. Bwana Omari wa Juani, yule aliyefiwa na mkewe, ameposa."

Nilitikisa kichwa.

"Usitikise kwanza, sikiliza. Mtu mzima, ana nyumba ya bati na minazi yake. Na mjane hawi wa kwenda na kurudi Dar, leo kalala kwa huyu, kesho kwa yule. Watu wanasema. Nimemweleza hali yako bila kumficha. Unajua kanijibu nini? Kasema, 'Shemeji, marehemu alinisema asubuhi na jioni hadi nikaota mvi. Huyu ndiye niliyekuwa nikimwomba Mungu.'"

Akacheka mpaka akashika magoti.

Nilichukua simu, nikaandika kwa herufi kubwa: SITAKI. JUANI NI KUVUKA MAJI KILA SIKU, NITAKUFA. Nikampa. Aliiweka mbali na macho, akaivuta karibu, akanirudishia.

"Sina miwani hapa. Tutazungumza."

Niliibonyeza simu ijisomee. Ikayasema maneno yangu kwa sauti ya mwanamke mgeni asiyejua uchungu, kama anayetangaza safari. Kaka alitikisa mkono. "Simu hizi zinasema na kila mtu. Hata ya mwanangu inasema." Akavaa viatu, akaenda kuwahi swala.

Kaka yangu husoma Kurani kila alfajiri. Miwani anayo. Lakini kila alipokuja kwangu tangu siku hiyo aliiacha kwake, na kila nilipoingia ndani kuchukua mashine, nilipotoka nilikuta anaaga. Baadaye hakulitaja tena jambo la Omari, nami nikadhani limekufa.

Ndipo Shangazi Mwajuma alipokuja na wazo la shukrani. Matibabu yamekwisha, alisema, mashine imeshika, lazima watu wakusanyike, isomwe dua, iliwe pilau. "Tutaisherehekea sauti yako, mwanangu. Mungu kakurudishia kwa mlango mwingine." Nilifurahi, sitakataa. Kaka alijitolea kualika watu na kumwalika Maalim Haji wa msikiti wa mtaani kwetu.

Siku yenyewe ilikuwa na jua la kusi na upepo safi. Wanaume walikaa barazani, wanawake tukajaa ukumbini juu ya mikeka. Kaka alihutubia kutoka nje. Alisema dada yake anamshukuru kila mmoja aliyekuja kumwona, anawaombea wote, na ameridhika na majaaliwa yake. Nilikuwa hatua chache tu kutoka alipokuwa, nimeshika mashine mkononi. Hakuna aliyeuliza kwa nini sherehe ya sauti yangu inahutubiwa na yeye.

Ndani wanawake walinizunguka.

"Hebu niite mimi!" alisema jirani yangu Bi Kidawa, ambaye hupita mlangoni kwa ubavu. "Sema, Bi Kidawa mnene."

"Bi Kidawa mwembamba," nikasema.

Nyumba ililipuka. "Wallahi kasema! Tena mwongo vilevile kama zamani!" Vigelegele vikapigwa. Walitaka tena na tena: niite huyu, nitukane yule, nihesabu kwa Kiingereza. Nilifanya yote hayo. Ulikuwa mchezo, lakini nilikuwa ndani yake.

Kisha Shangazi akanivuta pembeni, na asumini mkononi na jozi ya kanga mpya begani.

"Vaa upesi, Maalim anakuja mlangoni."

"Wa dua?"

"Wa dua na wa ndoa. Ebo! Usijifanye mgeni. Omari yuko msikitini na watu wake."

Nilimtazama Salma. Alikuwa ameshika sinia la vikombe, akaliweka chini.

"Mama, mjomba alisema umeridhika," alisema. "Alisema alikueleza, ukanyamaza."

"Nawe ukaamini? Kwamba mimi nimenyamaza?"

Shangazi alikuwa tayari ananitia asumini kwenye ushungi. "Mwanamume katulia, hataki makuu. Na wewe hutagombana naye, hata ukitaka! Mbona ndoa ya raha hiyo?" Wanawake walio karibu wakacheka. Ni walewale waliokuwa wakiniomba niwatukane.

Pazia la mlango likasogezwa. Maalim Haji alisimama kizingitini akitazama chini kwa adabu, kaka kando yake, na mashahidi wawili nyuma yao.

"Tusikawize, Maalim," alisema kaka. "Dada yangu unajua hali yake. Hana sauti. Kimya chake kinatosha."

"Mwari ndiye ambaye kimya chake kinatosha," alijibu Maalim. "Mjane husema mwenyewe."

"Atasema kwa nini, Maalim? Kakatwa."

"Hata bubu huashiria, Mbaraka. Niache nimuulize." Akasafisha koo. "Bi Zuhura, kaka yako ambaye ni walii wako anataka kukuoza kwa Bwana Omari wa Juani. Je, umempa idhini?"

Niliiweka mashine shavuni. Nilikuwa nimejifunza ni maneno gani hupita vizuri ndani yake na yapi huvunjika, na niliyachagua yale yasiyovunjika.

"La. Siolewi."

Kaka akawageukia mashahidi.

"Hiyo si sauti yake!" kaka alisema kwa nguvu. "Mashahidi, mmesikia wenyewe. Hilo ni dume linanguruma! Ni betri hiyo, Maalim, kitu cha kiwandani. Utaivunja ndoa ya watu kwa maneno ya betri?"

Shahidi mmoja akatikisa kichwa kumuunga mkono. "Kweli. Hata redio husema, lakini haiwi shahidi."

Maalim aliniinulia macho kwa mara ya kwanza. Hakuwa adui yangu. Alikuwa mtu aliyeletewa jambo ambalo hakuwahi kuletewa. "Mwalimu, nisamehe," alisema. "Nitajuaje kwamba anayesema ni wewe, si chombo?"

Niligeuka kuwatazama wanawake. Walikuwa wamekula halua kwa ajili ya chombo hicho. Walikuwa wamekipigia vigelegele. Bi Kidawa alikuwa akitazama mkeka. Shangazi alikuwa akipanga asumini upya. Hapakutoka hata mmoja wa kusema, ndiyo sauti yake, ndiyo tuliyokuja kuisherehekea. Sauti yangu ilikuwa halali kwa mzaha. Ilipokataa kitu, ikawa betri.

Ni Salma aliyesema. "Ni mama," alisema, lakini kwa sauti ndogo, na kaka akamkata: "Wewe mtoto kaa kando." Salma hakukaa kando, lakini hakuendelea.

Basi niliinuka. Nilitembea hadi mlangoni, nikasimama mbele ya kaka yangu mkubwa, ambaye tangu utotoni sikuwahi kumgusa uso, nikaibandika mashine shavuni mwake nikabonyeza.

Ilivuma. Alikuwa ameuma meno kwa hasira, na haikutoka ila ile sauti ya nyuki ndani ya kopo. Nikaendelea kubonyeza. Watu wote walikuwa wakisikiliza, hata walio barazani, na mashine ikavuma na kuvuma bila neno. Kisha akapumbaa, taya likamwachia, mdomo ukafunguka.

"Aaaaaa," ikasema mashine ndani ya kinywa cha kaka.

Mtu mmoja alicheka nyuma yangu, halafu wengine, halafu hata shahidi yule wa redio akageuza uso kuuficha. Kaka akausukuma mkono wangu. Niliirudisha mashine kwangu.

"Maalim," nikasema, "mashine haina neno hata moja. Neno ni la mwenye kinywa. Mimi nimeulizwa. Siolewi."

Maalim Haji aliitazama mashine, akamtazama kaka, ambaye alikuwa akijifuta shavu kwa leso.

"Mashahidi, mmesikia?"

"Tumesikia," walisema wote wawili.

"Ameulizwa, amekataa. Ndoa hakuna." Akaliachia pazia lirudi mahali pake, na kutoka upande wa pili nikamsikia akiongeza, bila ukali, "Mbaraka, nenda msikitini ukamwambie mtu wako. Usimtume mwingine."

Kaka aliondoka bila kula. Ndani, wanawake walibaki wameshika sahani tupu. Shangazi Mwajuma alikuwa ameudhika kweli. Alikuwa ameamka na alfajiri kuchambua mchele.

"Haya," alisema, "na sinia zote hizi tutasema ni za nini?"

"Si mlisema ni za sauti?" nikamjibu. "Kuleni."

Walikula. Nami nilikula kidogokidogo, na maji kando, kama nilavyo sasa. Bi Kidawa alijisogeza karibu yangu akaanza kuniambia mambo mengi ya kirafiki, nami sikumjibu, ingawa mashine ilikuwa pajani. Nilikuwa na haki ya hilo pia.

Nilisikia baadaye kwamba Bwana Omari, alipopelekewa habari, alisema kwa masikitiko, "Kumbe naye ni msemaji!" Ameoa mwingine, Mungu amjalie aliyemwoa. Kaka yangu hajakanyaga kwangu tangu siku hiyo. Hutuma salamu kwa mpwa wake, na hunipita njiani na bodaboda akitazama mbele. Inaniuma. Tumewazika wazazi wetu pamoja. Lakini sitamtafuta kumwomba radhi, na wanaonishauri nifanye hivyo kwa kuwa mimi ni mdogo na ni mgonjwa nimewaambia waniletee yeye kwanza, na miwani yake.

Salma siku hizi huniuliza kisha hunisubiri. Mara nyingine kungoja humshinda. Naiona midomo yake ikianza kuumba neno langu kabla sijalifikia. Huuma kidole. Hatukuwahi kuliongelea lile alilolijua na kunyamaza, na sidhani kama tutaliongelea. Namsikia akiwaambia wageni mlangoni, "Muulizeni mwenyewe," kisha akaondoka kabisa, ili wasipate wa kumgeukia.

Ndugu yangu, utakapopewa chombo chako, kiwe mashine, simu, au kibao cha picha na herufi, watakuja kukisherehekea. Pokea pilau. Kisha kaa uani kwako na ujizoeze neno la kukataa kabla ya neno la kushukuru. La kushukuru watakusemea wao, utake usitake.